Gari Lililomkataa Mwenyewe

Kama hujawahi kupitwa mlimani na boda boda iliyobeba godoro, mwenye godoro, na mtoto wa mwenye godoro akiwa amekaa juu ya godoro, nawe umo ndani ya gari, umekanyaga mafuta mpaka paja linauma, basi aibu huijui, na usije kunisimulia habari zake. Bi Lela wa Umoja aliijua. Ilimpata Jumatano asubuhi akipanda flaiova ya Outer Ring, na yule mtoto juu ya godoro alimpungia mkono.

Bi Lela naye akampungia. Angefanyaje? Sindano ya mwendo ilikuwa imeganda kwenye thelathini, injini inalalama, na foleni ya nyuma inapiga honi kana kwamba inalipwa kwa kazi hiyo. Dereva mmoja wa lori alipompita alitoa kichwa dirishani, akamwuliza kama anasindikiza jeneza. Jibu alilokuwa nalo Bi Lela halikuwa la mwanamke aliyetoka kuswali Dhuha, kwa hiyo alilimeza.

Gari lenyewe lilikuwa steshen wagon nyeupe aliyoachiwa na marehemu mumewe, Mzee Haidari. Lilikuwa limetembea kilomita laki nne na elfu kumi na mbili. Watu wakisikia hesabu hiyo huguna, halafu husema, "Basi," kama daktari aliyekwisha kufunga faili. Lakini Bi Lela hakuwa mtu wa kuambiwa basi. Wiki aliyotoka eda, akiwa na miaka hamsini na mbili, alikwenda kujiandikisha shule ya udereva, akakaa darasani na vijana wa kuzaa mwenyewe. Mtihani alianguka mara mbili. Mara ya tatu alipita, akatoka pale akiendesha, na tangu siku ile mpaka leo, miaka kumi na moja, hajamwomba mtu lifti. Gari hilo ndilo lililopeleka mazulia kwa wateja wake, wagonjwa hospitali, na mabibi wa mtaa kwenye harusi na matanga. Ukimnyang'anya, umemkalisha kwenye kiti akutazame unavyotoka.

Biashara yake ilikuwa mazulia na mapazia, duka dogo pale pale Umoja, na alikuwa na misimamo yake. Wa kwanza: zulia halikatwi. Mteja aje alie, aje apige magoti, aseme sebule yake ni fupi kwa futi moja tu, Bi Lela hatamkatia. "Zulia zima ni mali," humwambia. "Ukilikata, ushatengeza tambara. Kaibomoe nyumba, zulia liwache." Wa pili: ndani ya gari lake viatu haviingii. Unavua nje, unavishika mkononi, unaingia na soksi au na miguu ulivyozaliwa nayo. Wako waliosema ni maringo ya Kimvita, maana Bi Lela alitoka Mji wa Kale akiwa biarusi, na miaka arobaini ya Nairobi haikumtoa lafudhi wala ubishi. Acha waseme. Sakafu ya gari lake ilikuwa safi kuliko meza za baadhi yao.

Sasa, uzito ule ulianza na mvua za masika. Siku moja gari lilikuwa likimtii, siku ya pili ukalikanyaga likakutazama. Lilikuwa linawaka vizuri, linatembea vizuri mitaani, lakini likiombwa mbio, linakataa. Akalipeleka kwa fundi Kisilu, ambaye gereji yake ni uwanja wenye mabati mawili na mti mmoja wa mjakaranda, nyuma ya soko.

Kisilu alikuwa fundi hodari na mtu wa adabu, mchanganyiko ambao ukiupata Nairobi usiuache. Alitoa filta ya hewa, akaipuliza, ikatoa vumbi la kujenga kibanda. Akaweka mpya. Akalijaribu gari hadi mtaa wa Tena na kurudi, likaruka. Bi Lela akashukuru, akaingia, akaondoka, na kufika kwenye taa gari likawa lile lile. Wiki iliyofuata zikabadilishwa plagi. Kisilu akalijaribu, likaruka. Bi Lela akalichukua, likalala. Ikaja filta ya mafuta. Ikaja kusafishwa koo la injini kwa dawa inayonuka mpaka macho yanatoa machozi. Kila mara habari ni ile ile: mikononi mwa Kisilu gari ni swala, mikononi mwa Bi Lela ni kobe mwenye mafua.

"Mama Hanif, mimi sielewi hii gari," Kisilu alisema, akijikuna kichwa kwa spana. "Ikiwa na mimi iko sawa kabisa."

"Wataka kusema yanichukia?"

"Sijasema hivyo, mama."

Hakusema. Lakini Hanif, mwanawe Bi Lela, alisema. Hanif alikuwa na miaka thelathini na sita, mhasibu wa kampuni moja mjini, mtu mzuri, ila alikuwa na ugonjwa wa kupanga maisha ya watu. Jumatano ile ile ya godoro, mtu mmoja wa foleni alimrekodi Bi Lela kwa simu, sekunde kumi na tatu, na kufikia adhuhuri video ilikuwa imezunguka makundi yote ya mtaa. Mtoto wa godoro alionekana vizuri. Jioni Hanif akaja na mkewe, Khawla, nyumbani kwa mama yake, akachukua ufunguo bila kusema kitu, akaenda kwenye gari peke yake. Akakaa kidogo akijitengeneza kitini, akaondoka. Dakika kumi baadaye akarudi.

"Gari linakimbia, Mama," akasema.

"Hapana, halikimbii."

"Nimefika nalo themanini juu ya flaiova."

Bi Lela akaketi. Khawla akamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba, kwa kuona hali ya hewa ya mle ndani. Hanif akavuta kiti karibu na mama yake, na ile sauti aliyoitumia ndiyo iliyomuudhi zaidi Bi Lela, maana ilikuwa sauti ya kumwambia mtoto kwamba paka amekufa.

"Mama, si gari. Ni wewe. Unaogopa kukanyaga. Si kosa lako, ni umri. Kuna bwana mmoja wa Tena, anaitwa Johnson, analitaka. Nimemwambia aje Jumamosi saa kumi alione. Ukitaka kwenda mahali, mimi nipo, Khawla yupo, na hizi teksi za simu zipo."

"Miye naogopa?" akasema Bi Lela. "Miye niliyekuzaa wewe, na kichwa hicho?"

Khawla akacheka kwenye kikombe chake, akajifanya amepaliwa.

"Sikiza, Hanif," Bi Lela akaendelea, na sasa hasira ilikuwa imempanda mpaka kwenye mtandio. "Kisilu atalipima kwa mara ya mwisho Jumamosi asubuhi. Kosa likiwa la gari, latengezwa, na usinitajie tena huyo Johnson wako. Kosa likiwa langu, ufunguo wako. Nitakupa miye mwenyewe, mkono kwa mkono, na sitalia. Khawla, mwanangu, u shahidi."

Khawla akasema amesikia. Hanif akasema sawa. Na Bi Lela usiku ule hakupata usingizi vizuri, maana neno likishatoka halirudi, na ndani ya moyo wake, mahali ambapo hakumwonyesha mtu, alikuwa ameanza kujiuliza kama mwanawe hasemi kweli.

Jumamosi saa tano alikuwa gereji. Kisilu alikuwa ameazima mashine ya kupima, kikompyuta kidogo chenye waya unaochomekwa chini ya usukani, kinakuonyesha kila kinachotendeka ndani ya gari hata mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani. Safari hii Kisilu alitaka Bi Lela aendeshe mwenyewe, yeye akae kando asome. Akavua gambuti zake. Akatandika gazeti pale atakapoweka miguu, na akakaa na magoti yamemfika kidevuni.

Wakaingia Outer Ring. Wakafika chini ya flaiova.

"Haya, mama. Kanyaga mpaka mwisho."

Bi Lela akakanyaga mpaka mwisho. Gari likaanza kuguna. Thelathini. Thelathini na mbili.

"Mpaka mwisho, mama."

"Nshafika mwisho."

Kisilu akaitazama mashine. Akaigonga kidogo kwa kidole, akaitazama tena. 

"Yasema nini?" akauliza Bi Lela.

"Inasema umekanyaga asilimia arobaini na tatu."

"Ni mwongo hiyo mashine. Mguu wangu ushagota."

"Mama Hanif," Kisilu akasema, polepole kabisa, "labda mguu unachoka bila wewe kujua. Hata mama yangu, huko Machakos, magoti yake siku hizi..."

Hakumaliza.  Bi Lela alishuka flaiova, akageuza, akarudi gereji akiwa anatazama mbele tu. Kwanza Hanif, sasa Kisilu, na sasa mashine ambayo haina mama wala haina sababu ya kumsingizia. Basi ni kweli. Mguu wake ulikuwa unamdanganya, unamwambia umefika kumbe haujafika. Alijionea huruma, na kujionea huruma kulimuudhi, na akiudhika dawa yake ilikuwa moja tu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inatoka msikitini ng'ambo ya soko.

"Kisilu, nipe maji nitawadhe."

Kisilu akamletea jerikeni, yale maji safi ya kuweka kwenye rejeta. Akatawadha chini ya mjakaranda. Akatafuta mswala wake kwenye mkoba, akakumbuka ameuacha dukani. Chini palikuwa na mafuta, misumari na nati za tangu enzi za mkoloni. Kisilu akatandika katoni mbili kuukuu, lakini Bi Lela hakuridhika nazo, na hapo akakumbuka zulia la gari lake, lisilokanyagwa na kiatu. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akalivuta.

Likatoka, na likaendelea kutoka. Lilikuwa zulia la manyoya marefu, rangi ya zabibu, zima, lenye pindo zake zote nne. Alilitia pale mwanzo wa masika, lile la zamani lilipochakaa. Mtu mwingine angelikata lilingane na nafasi ya miguu, lakini tumeshasema, huyu hakati. Alilikunja mara mbili, likawa tabaka nne, akalibana chini pa dereva. Mvua zikiisha angelitoa, alipige brashi na kulirudisha dukani likiwa zima. Sasa akalikunjua juu ya zile katoni, akaelekea kibla, akaswali. Mafundi wa jirani walizima redio bila kuambiwa.

Katika sijida ya mwisho alikaa sana. Aliomba nguvu za kumpa Hanif ufunguo bila kutetemeka midomo. Aliomba pia, kwa sauti ya chini zaidi, kama haitakuwa taabu, Mwenyezi Mungu amwondolee yule Johnson njiani. Kisha akatoa salamu, akainuka, akalitazama zulia. Mafuta yalikuwa yamepenya kwenye katoni yakashika chini yake, doa jeusi la ukubwa wa sahani.

"Kisilu, lishike hili. Nitalijia nikishapoa moyo," akasema. "Naenda kumpa mwanangu gari lake."

Akaingia garini miguu mitupu. Akawasha. Akatia gia, na kwa kuwa miezi mitatu ilikuwa imemzoeza kwamba gari hili ukitaka lisogee lazima ulishindilie, akalishindilia.

Lo. Gari lilitoka langoni mwa gereji kama limeitwa mahakamani. Kichwa cha Bi Lela kilipiga nyuma kitini, mkoba ukaruka ukaenda kukaa peke yake, kuku wawili wa jirani wakagundua kwamba wanajua kupaa. Muuza miwa akalikumbatia toroli lake. Bi Lela akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likasimama katikati ya njia likitikisika, na vumbi likalipita.

Nyuma Kisilu alikuwa anakuja mbio na zulia begani, anapiga kelele azime injini, akidhani pedali imekwama. Bi Lela hakumsikia. Aliinama akatazama mguu wake. Akakanyaga tena mafuta, safari hii taratibu, kwa ncha ya vidole. Mguu ukashuka. Ukafika pale ulipozoea kukoma. Haukukoma. Ukaendelea kushuka mahali ambapo haujafika tangu masika, na injini ikaitikia kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Sasa mimi ningekuwa mtu mwenye busara ningesema Bi Lela alirudi gereji kumweleza Kisilu. Wapi. Aliingia Outer Ring. Alipanda flaiova kwa sabini, akafika juu, akaona mabati ya Umoja yote yanang'aa chini yake na mashati yanapepea kwenye kamba za ghorofani, na akapiga kigelegele peke yake ndani ya gari, kirefu, cha harusi. Akashuka, akageuza, akapanda tena kwa themanini. Alimpita boda boda. Alipita lori. Alipita gari jipya jeusi la mtu mwenye tai, na yule mwenye tai akamtazama, akaona bibi wa buibui, meno yote thelathini na kitu nje, anaimba. Mara ya tatu alipanda bila sababu yoyote, kwa kupenda tu. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamzuia kuona, ikabidi apunguze, maana alikuwa na furaha lakini hakuwa mwendawazimu.

Alirudi gereji akamkuta Kisilu amekaa kwenye tairi, zulia mapajani, amekata tamaa.

"Njoo na mashine yako," akamwambia.

Wakajaribu wote wawili. Bi Lela akakanyaga bila zulia: mia kwa mia. Akalikunja zulia tabaka nne, akalirudisha mahali pake, akakanyaga mpaka mguu ukagota. Arobaini na tatu. Pedali ilikuwa inakutana na lile furushi la manyoya katikati ya safari yake, inasimama, na mguu, kwa haki yake, unajua umefika sakafuni, maana kweli kuna kitu umekigonga.

Kisilu alicheka kwanza, akacheka mpaka akaanguka kwenye tairi. Halafu akakaa wima ghafla.

"Mama, mimi nililitoa. Kila nikija kujaribu gari. Na hizi gambuti zangu, ningekanyagaje zulia la mtu? Nalitoa, nalifungia kwenye gazeti, nalijaribu gari, halafu nakurudishia vile nililipata, nimelilainisha na mkono. Mara nne nimelitoa."

"Wewe na adabu zako," akasema Bi Lela, na akashindwa kumkasirikia.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

Neno hilo likamgusa Bi Lela vibaya, maana lilimkumbusha. Kosa likiwa la gari. Kosa likiwa langu. Gari halikuwa na kosa. Plagi hazikuwa na kosa, pampu haikuwa na kosa. Zulia ni lake, alilikunja kwa mikono yake, na kwa ubishi wake wa kutokata. Furaha yote ikamwishia miguuni.

Kisilu akamwona, na Kisilu alizijua habari za ule mkataba kwa sababu Umoja nzima ilizijua. Akaingia kibandani akatoka na pampu ya mafuta iliyokufa, ya gari lingine, imeshika kutu.

"Mwonyeshe hii," akasema kwa sauti ya chini. "Mwambie tumeitoa leo. Akinipigia simu nitamwambia ni kweli. Hanif anajua nini juu ya pampu?"

Bi Lela aliishika ile pampu. Aliishika kwa muda ambao si mzuri kuutaja kwa mtu aliyetoka kuswali. Aliipima uzito, akaigeuza, akaona jinsi ilivyo nzuri, jinsi inavyosadikika. Kisha akamrudishia.

"Njia ya mwongo fupi, Kisilu. Na miye sasa hivi nina gari la mbio, nitaimaliza mapema mno."

Nyumbani Hanif alikuwa mlangoni na bwana mmoja mnene mwenye kofia, ndiye Johnson, amekuja na saa yake kamili kama mtu aliyetumwa na adui. Khawla alikuwa kizingitini. Bi Lela aliegesha, akashuka, akavaa viatu vyake, na akaieleza habari yote palepale nje, toka mwanzo hadi mwisho, hakupunguza kitu: zulia, tabaka nne, Kisilu na gazeti lake, mashine, kuku, flaiova mara tatu. Khawla alicheka mpaka akashika ukuta. Johnson alicheka huku akitazama kama inafaa acheke. Hanif hakucheka. Alikuwa amekodolea macho viatu vyake mwenyewe.

"Basi kosa ni langu," akasema Bi Lela. "Nilisema, na Khawla alisikia. Chukua."

Akamtia ufunguo mkononi, akavifunga vidole vya mwanawe juu yake. Midomo haikutetemeka. Alikuwa ameshageuka aingie ndani, akasimama.

"Ila neno moja nikwambie, Hanif. Zulia lilizuia gari tu. Miye ulinizuia wewe, kwa sababu nilianza kukuamini. Wiki hii nimevuka barabara ya dukani kwa kushikwa mkono na mtoto wa shule. Hakuninyooshea mkono yeye. Nilimwomba miye."

 Hanif akainua macho kutoka kwenye viatu vyake.

"Mama, siku ile nilipoliendesha nililisukuma zulia kando. Nilikuwa na viatu. Nimekuwa nikilisukuma kila mara kisiri, kisha nalirudisha, kwa sababu soksi zangu zina matundu na najua utasema. Nilikuwa na jibu chini ya miguu yangu, nikaja nikakwambia ni umri." Akajifuta uso kwa kiganja. "Niliogopa siku nitakayoona umezeeka. Nikaona afadhali niseme kabla sijaiona. Nisamehe."

"Nishakusamehe. Lakini neno ni neno. Ufunguo wako."

"Ni wangu kabisa?"

"Wako kabisa."

"Nifanye nao ninavyotaka?"

"Wanichosha na maswali, Hanif."

Hanif akaufungua mkono wa mama yake, akauweka ufunguo ndani, akaufunga kama alivyofungiwa. Halafu akamgeukia Johnson akamwambia samahani bwana, gari haliuzwi. Johnson akauliza kwani lina kasoro gani. Hanif akasema halina kasoro, lina dereva.

Johnson akalalamika, kwa haki yake, kwamba ametoka Tena kwa miguu juani. Bi Lela akamwambia avue viatu aingie, atarudishwa. Hanif akaketi mbele karibu na mama yake, Khawla akaingia nyuma asiikose hii, Johnson akabanwa mlangoni na viatu vyake mapajani. Walipofika Tena, Johnson alishuka, akaitengeneza kofia yake iliyokuwa imemrukia kisogoni, kisha akasema sasa ndiyo analitaka kweli, na ataongeza. Bi Lela alikuwa ameshaondoka.